Bado Njano

3 Februari

Bamkubwa wangu,

Shikamoo. Na Mamkubwa mfikishie shikamoo yake sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua: ukishaliona neno "sinema" utasahau kama una mke.

Huku hatujambo. Mwanangu ameng'oka meno ya mbele na bado anaongea kuliko redio. Baba, mdogo wako, tangu astaafu amegeuka fundi. Alipanda juu ya paa kuziba tundu moja, akashuka ameacha matatu. Sasa masufuria yote yako sebuleni yanakinga maji, na Mama anasema uje umchukue ndugu yako.

Haya, la maana. Nimepewa sinema yenu. Ndiyo, hiyo hiyo, ya yule mwanamke anayetoka nyumbani kwake asubuhi na gauni la kijani na harudi tena. Nilipomwambia Mkuu wa studio kwamba aliyemwigiza mwanamke huyo ni Mamkubwa wangu, na aliyepima rangi zake maabara ni wewe, alinitazama kama nimemwambia natoka ikulu. Tunaitengeneza upya itoke kwenye diski, watu waitazame majumbani. Na kwa mara ya kwanza kazi nzima iko mikononi mwangu. Nimeipitisha kwenye mashine ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera, picha moja moja, nikaondoa mikwaruzo na madoa. Imebaki rangi.

Rangi ndiyo inayonitoa jasho. Diski ya zamani, ile uliyoipitisha mwenyewe zaidi ya miaka kumi iliyopita, ina bluu nyingi mno. Filamu yenyewe inaniambia asubuhi ile ilikuwa na jua. Basi nimeirudishia jua lake. Mkuu ameipenda, lakini ni mtu wa kujikinga. Anataka barua yako kwamba rangi ni sahihi, aandike kwenye jalada. Barua isipokuja, tutatumia rangi za diski ya zamani, na kazi yangu ya mwaka mzima itafungiwa kabatini. Sikufichi, nitaumia.

Diski nimeifunga pamoja na barua hii. Najua hutaki rangi zijadiliwe kwenye simu, kwa hiyo andika.

Kiroboto wako


20 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Mamkubwa amepewa shikamoo yake, tena kabla sijafika kwenye sinema, kwa hiyo acha kunisingizia.

Sisi wazima. Nimestaafu vizuri kuliko baba yako, sipandi paa la mtu. Mwambie mdogo wangu kwamba alipokuwa mdogo alifungua saa ya ukutani kuona ndani kuna nini, na mpaka leo saa ile haijui ni saa ngapi.

Diski nimeitazama. Mwanangu, umemwagia sinema yangu chai. Kila kitu njano! Ukuta njano, mlango njano, gauni limekuwa jani lililoungua na jua wakati mimi nililitoa maabara likiwa jani changa, la asubuhi, ukilitazama unasikia ubaridi. Na Mamkubwa wako umempaka nini usoni? Asali?

Sikiliza. Maabara nzima ilikuwa ikiniita Jicho. Sikujipa mimi jina hilo, nilipewa. Waongozaji wakubwa, watu waliozoea kupiga kelele, walikuwa wanakaa kwenye benchi nje ya chumba changu wakingoja niwaambie sinema zao zina rangi gani. Najivuna? Ndiyo, najivuna. Ningekuwa siwezi kazi ningejificha.

Punguza njano, ongeza bluu, kisha ongeza tena. Ukifika, barua ya Mkuu nitaiandika siku hiyo hiyo na nitakusifu mpaka uone haya. Lakini sitii jina langu kwenye chai.

Bamkubwa wako


9 Machi

Bamkubwa,

Shikamoo. Kwanza nisaidie kucheka: mdogo wako, yaani baba yangu, alipoelezwa habari ya saa alisema ile saa ilikuwa imekufa kabla hajaifungua. Ameapa kwa mkono juu. Mama ametoka chumbani ili asicheke mbele yake. Mtoto meno yameanza kuota, ila kelele hazijapungua.

Mambo yamechafuka kidogo. Mkuu, kwa furaha yake, alitoa kipande kifupi cha kazi yangu mtandaoni, watu waonje. Loo! Penye wengi pana mengi. Wamegawanyika mafungu mawili, Wa Bluu na Wa Jua, na wanatukanana kama wamenyang'anyana shamba. Wanaweka picha mbili sambamba, ya diski yako na yangu, wanachora mishale. Mmoja anajiita Profesa wa Rangi, ameandika kurasa na kurasa kunieleza kwamba nimeiua sinema. Wote wa upande wa bluu silaha yao ni moja: "Jicho mwenyewe aliipitisha." Unaona ulivyo mzito? Wewe hujasema neno, na tayari unanipiga.

Mkuu ameanza kuuma kucha. Mimi bado nasimama nilipo. Kila nikiongeza bluu uso wa Mamkubwa unapauka, na sikubali kumpausha mtu niliyemjua tangu nikiwa sijui kutembea.

Nimekutumia diski ya pili. Sitakueleza nimefanya nini ndani yake. Itazame tu, uniambie.

Na Mamkubwa anaionaje? Hujamtaja. Halafu, Bamkubwa, barua yako ilipanda mlima. Mistari ilianza chini ikaishia juu, na neno moja umeliandika juu ya mgongo wa jingine. Uliandikia garini? Macho hayajambo?

Kiroboto


2 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Macho hayajambo, yanakusalimu. Magoti ndiyo mabaya, mbona huyaulizi?

Hapa nyumbani raha tupu. Mamkubwa wako siku hizi ananishika mkono tukishuka ngazi. Naona uzeeni mapenzi yamerudi. Juzi nilimsalimu jirani kwa heshima zote, kumbe ni koti limeanikwa. Tulicheka sana, yeye kuliko mimi.

Diski ya pili: bado njano. Nasema ukweli, ni afadhali kuliko ile ya kwanza, umeanza kunisikia. Lakini bado. Ongeza bluu, usiiogope, haiumi.

Umeuliza Mamkubwa anaionaje. Hajaitazama. Kila nikiiweka anazo nguo za kukunja. Anasema sinema hiyo alishaichoka, na mtu akichoka sura yake mwenyewe utamlazimisha? Tuachane na hilo.

Hao wa mtandaoni wapuuze, Wa Bluu na Wa Jua pia, ingawa Wa Bluu wana akili. Kosa lao ni moja, kila mtu anasema "nakumbuka ilikuwa hivi". Maabara tulikuwa na sheria, na niliifundisha kila aliyepita mikononi mwangu: rangi haikumbukwi, rangi hulinganishwa. Mwongozaji akija na kumbukumbu zake namwambia, mzee, nenda kalete kitu chenyewe. Leta shati, leta kikombe, leta kitambaa cha kiti. Tukiweke pembeni ya picha ndipo tuzungumze. Wengine walinuna, lakini wote walileta. Kumbukumbu ni mwongo mwenye adabu, anakudanganya huku umemkaribisha kiti.

Basi, nasubiri diski ya tatu. Na mwandiko wangu ulipanda mlima kwa sababu meza inayumba.

Bamkubwa wako


21 Aprili

Bamkubwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, habari ndogo ndogo nitaziandika siku nyingine. Leo moyo unanienda mbio, acha niseme kabla sijaogopa.

Diski ya pili haikuwa na rangi zangu. Ilikuwa na zako. Ni zile zile za diski ya zamani, ulizozipitisha mwenyewe. Nilizihamisha kama zilivyo, sikugusa hata tone. Na wewe umeniandikia: bado njano.

Najua mtoto hamtegei mzazi mtego. Kwa mtego naomba radhi, tena nimepiga magoti. Kwa kilichonaswa siombi radhi.

Rangi za diski ile hazijabadilika tangu siku uliyozisifu. Kuna kitu kingine kimebadilika, na wewe unakijua, na Mamkubwa anayekushika mkono kwenye ngazi anakijua. Mimi sitakitaja. Kitaje wewe.

Wala sikuombi uniamini. Nakuomba ufuate sheria yako mwenyewe. Gauni la kijani liko kwenu, kabatini kwa Mamkubwa, nilikuwa najificha nyuma yake nikiwa mtoto. Litoe. Liweke kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa yenu ya sebuleni ambayo inafanya hata maziwa yawe uji. TV iwe pembeni yake. Weka diski yangu ya kwanza, kisha ile ya zamani. Hata kama jicho lina ukungu, Bamkubwa, ukungu utaliangukia gauni na TV sawasawa. Hautapendelea. Vikifanana utaona vimefanana.

Ukishalinganisha ukaniambia nimekosea, nitaongeza bluu mpaka Mamkubwa aogelee. Lakini kwa kumbukumbu siongezi. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Ni mimi, na bado nakupenda,
Kiroboto


25 Mei

Bamkubwa,

Shikamoo. Mwezi umepita sijapata neno lako. Nimeuliza posta, wanasema barua yangu ilifika.

Baba amenigombeza. Alisema, "Umemwambia kaka yangu ni kipofu?" Nikasema neno hilo sikulitumia. Akasema, "Ndiyo maana limemuuma zaidi." Kisha akaenda zake juu ya paa, na mvua imenyesha mpaka leo masufuria hayatoshi.

Mkuu ametoa tarehe, mwisho wa Juni. Baada ya hapo anarudisha bluu, na amenieleza kwa upole kabisa, kwa hiyo najua hatanii. Wa Bluu wameshaanza kushangilia. Mimi rangi zangu sizibadilishi. Zikitupwa, zitatupwa zikiwa sahihi, na mimi nitakaa nyuma ya meza yangu nikijua hivyo.

Lakini nimekukosa. Niandikie hata matusi. Nimezoea kelele zako, na nyumba yangu ina mtoto anayeota meno na bado naiona kimya.

Kiroboto


14 Juni

Kiroboto,

Marahaba, mwanangu, marahaba.

Mwandiko huu unaouona umenyooka ni wa Mamkubwa wako. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiongeza la kwake humu sitajua. (Naongeza: hakulala siku mbili baada ya barua yako. Mamkubwa.)

Nilinuna. Wiki ya kwanza nilinuna kwa haki, maana umenitega. Wiki zilizofuata nilinuna kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikujua pa kuachia. Barua ile alinisomea yeye, kwa sauti, na alipofika pale pa ngazi akasimama. Akasema, "Unajua mimi si kwamba mapenzi yamerudi. Hayakuondoka. Nakushika usianguke."

Bado nikakaa siku nyingi. Halafu ikaja ile ya Mei, akanisomea, akaikunja, akaingia chumbani. Akatoka na gauni begani. Akaniambia, "Inuka, tubebe TV."

Basi tukabeba TV. Mimi, yeye, na kinyozi wa nyumba ya pili ambaye alijileta mwenyewe kuona kuna nini. Tukaitoa mpaka barazani na waya ukatufuata. Jua likapiga kioo tukawa tunajiona sisi tu, tukatundika shuka kuweka kivuli, shuka likaanguka, kinyozi akalishika kwa mikono. Jirani mmoja akauliza tunauza bei gani. Mwingine akauliza nani amefariki. Nikawaambia wote tuko kazini, na kwa kweli, Kiroboto, nilijiona niko kazini. Gauni tukalitundika kwenye msumari, pembeni kabisa ya TV.

Tukaweka diski ya zamani kwanza. Yangu. Gauni la msumarini lilikuwa jani. La kwenye TV lilikuwa chupa ya dawa. Nikatazama moja, nikatazama jingine. Tukaweka yako. Gauni na gauni yakakaa pamoja kama yametoka kwenye cherehani moja, siku moja.

Unadhani nilikubali? Hunijui! Nikasema, hilo gauni limechuja. Limekaa kabatini miaka yote hii, rangi imeliwa, si ushahidi. Kinyozi akaunga mkono, nikampenda sana. Mamkubwa wako alitusogeza pembeni. Alirudisha ile ya zamani, akaisimamisha pale anaposhika komeo la mlango na mkono wake umejaa kioo kizima. Akapandisha mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko. Akauweka mkono wake pale, pembeni ya ule mwingine, akasema, "Na huu nao umechuja?"

Mwanangu, mkono wa kwenye TV ulikuwa wa majivu.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ulikuwa umefurahi sana. Ulirudi na ile diski umeivaa kifuani. Mimi nikaitazama mara moja nikajiona nimekufa ndani yake, nikasema basi, sitaitazama tena, na yeye abaki na furaha yake." Zaidi ya miaka kumi, Kiroboto. Kumbe nguo anazokunja zilikuwa zimeshakunjwa. Nililia pale barazani, kinyozi ameshika shuka, na sikuficha uso. (Ni kweli. Na kinyozi naye alilia, halafu akasema ni vumbi. M.)

Basi nakitaja. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nimekuwa nikijua kuna kitu, na nilikuwa naogopa. Nasema waziwazi, niliogopa. Mtu anayeitwa Jicho akienda hospitali ya macho atarudi akiitwa nani? Kwa hiyo sikwenda, na kila mwaka dunia ikawa njano zaidi, na mimi nikailaumu dunia. Wiki iliyopita Mamkubwa alinipeleka. Daktari ni binti wa rika lako. Akamulika, akasema huyu mtoto wa jicho amekomaa, ameanza zamani sana. Nikamuuliza zamani kiasi gani, akasema hawezi kujua kwa hakika, labda kumi, labda kumi na tano. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia. Akaizima tochi, akasema, "Pole, baba." Kumbe diski ile niliipitisha macho yangu tayari yana njano, ndiyo maana niliijaza bluu. Mwezi ujao wananifanyia upasuaji, jicho moja kwanza.

Sasa najua utakavyosema, maana mdogo wangu alikulea kwa adabu: Bamkubwa, tumwombe Mkuu angoje, upone, uzitazame kwa macho mapya, ndipo uthibitishe. Hapana. Usingoje macho yangu. Uliona peke yako wakati watu wote wanakuambia huoni, na mkubwa kuliko wote alikuwa mimi. Nimepita kwenye kazi hii na watu wengi wenye macho mazuri. Wengi wao walikuwa wanaona vizuri mpaka mtu mkubwa apige meza.

Barua ya Mkuu hii hapa. Mamkubwa ameinakili kwa mwandiko mzuri, sahihi nimetia mwenyewe, ndiyo maana inapanda mlima.

"Kwa Mkuu wa Studio. Mimi ndiye niliyepima rangi za sinema hii ilipotoka mara ya kwanza, na ndiye niliyepitisha diski yake ya zamani. Diski ile ina bluu kupita kiasi. Anayebisha aje barazani kwangu, gauni lipo, na aliyelivaa yupo. Rangi alizotengeneza mtoto wa ndugu yangu ndizo rangi za sinema hii. Kwenye jalada usiandike kwamba nimezithibitisha mimi, kwa sababu mimi leo sioni vizuri. Andika jina lake. Mimi simthibitishii rangi, namthibitisha yeye. Na ukiamua kurudisha bluu, mtoe kwanza mke wangu humo ndani."

Mamkubwa anasema sentensi ya mwisho ni kali. Nimemwambia aiache. (Nimeiacha. Naipenda. Jana niliitazama yako mpaka mwisho, mwanangu. Nilikuwa mzuri. M.)

Ipeleke leo hii, usilale nayo. Mwezi ujao napata macho mapya, na yakinikuta kazi yako haijatoka, nitaanza kukubishia upya.

Bamkubwa wako